Nyasi za Ng'ambo ya Seng'enge

Ukiniletea nyasi mkononi ukataka nikuambie jina lake, nitakuuliza kwanza umeing'oa wapi. Usiponijibu sawasawa nitakurudisha ulikotoka, hata kama jina nalijua, hata kama umekuja kwa miguu kutoka bonde la tatu. Vijana niliowafundisha kazi ofisini walinichukia kwa hilo. Walisema mzee ana maringo, mzee ana hasira za bure. Bure! Hasira hizi mimi sikuziokota njiani. Nilizipata kwenye uwanda wa Kieni, mbele ya mama yangu mzazi, siku moja ya jua kali, na nilikuwa nimevaa tai.

Nilisomea ukulima katika chuo cha serikali miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wakati huo kijana akirudi kijijini na karatasi ya chuo, hata wazee waliokuwa wakimchapa kwa kuiba miwa walimpisha njiani. Mwalimu wetu wa malisho alikuwa mtu mfupi, mkali, na alikuwa na chuki moja kubwa duniani: mtu anayetazama nyasi akiwa amesimama. "Piga magoti!" alifoka. "Kwani nyasi itakupandia machoni?" Basi tulipiga magoti, suruali zikalowa umande, tukajifunza.

Alitufundisha kung'oa mche mzima na mizizi yake. Nyasi ya msimu mmoja hung'oka kirahisi, haina cha kushikilia. Ile ya kudumu hukupa kazi, kwa sababu chini ina mashina ya zamani, ya mwaka jana na ya mwaka juzi, yamesokotana gizani. Kisha unavuta jani taratibu mpaka pale linapokumbatia shina, unatazama kama pana kiulimi cha ngozi au safu ya vinyweleo. Halafu ua, halafu mbegu. Ukimaliza unaulaza mche katikati ya magazeti makuukuu, unaweka mawe juu, unaandika kikaratasi. Hapo ndipo wengi tulipopigwa kofi. Tulikuwa na haraka ya kuandika jina, naye alitaka mstari wa kwanza uwe mahali. Umeitoa wapi? Kwenye kivuli au jua? Udongo gani? Mvua kiasi gani? Imepakana na nyasi gani nyingine? Jina aliliacha chini kabisa, mwisho.

Nyasi niliyoijua kuliko zote sikuhitaji mwalimu. Sisi watu wa Nyeri tunaiita kigombe. Wazungu waliipa jina la kabila letu, wakaibeba ng'ambo wakapanda kwenye viwanja vyao vya mpira, lakini sisi tulilelewa juu yake. Hutambaa, hutia mizizi kila kifundo kinapogusa ardhi, jani lake ni laini lenye manyoya. Ua lake hulioni, limejificha ndani ya jani. Utaona tu asubuhi, pale ng'ombe walipolisha mpaka chini, nyuzi nyeupe nyembamba zimechomoza. Na kwao ni milimani kwenye baridi, pembezoni mwa msitu, mahali miti imekatwa na mifugo imekanyaga, mvua haikatiki na udongo ni mwekundu. Nilijibu swali hilo katika mtihani. Niliulizwa pia kuhusu nyasi nyingine ya kudumu, ile nyekundu ya uwandani, inayosimama kwa mafungu na kugeuka rangi ya kutu ikikomaa, mbegu zake zina mikia mirefu myeusi inayojichoma katika nguo. Niliiandikia ukurasa mzima. Nilisema ni malisho mazuri kwa mnyama aliyezoea. Nilisema huota nchi wazi ya mvua haba, nchi inayopitiwa na moto, na mkulima akiiona imetawala asitegemee viazi wala kabichi. Mwalimu alinisomea ukurasa huo mbele ya darasa. Nayaeleza haya ili usije ukanihurumia huko mbele ukadhani sikuwa najua.

Kwetu ni Wamagana. Baba alirudi kutoka kizuizini kabla ya uhuru akakuta ardhi imekwisha pimwa na kugawanywa, naye kaachiwa kipande cha mteremko ambacho ukiangusha kiazi lazima ukifuate mtoni. Tulikuwa watoto watano. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, na huyo mmoja alifungwa kamba ili asije akaporomoka. Pale chini karibu na kijito palikuwa na ukanda wa kigombe, mama aliukata kwa mundu kila asubuhi, na siku ya pili ulikuwa umeota tena. Mvua haikutukosa. Njaa ya kufa hatukuijua. Lakini baba alikuwa na ndoto moja, naye alitusimulia sote mpaka tukaichoka: alitaka siku moja asimame mlangoni awaone ng'ombe wake kwa mbali, watembee bila kamba.

Basi ikaja kampuni ya kununua mashamba. Jina lake silitaji, na waliokuwamo wengi wamekwisha kufa. Kulikuwa na mzungu aliyekuwa akihama Kieni, na watu wa kwetu walikusanyana ili wanunue shamba lake wagawane. Baba hakuwa na kitu cha kuweka mezani ila kile kipande cha Wamagana. Jirani mmoja alikuwa tayari kukichukua. Ilibaki kuamua tu. Kampuni ikatangaza siku ya kwenda kulitazama shamba, lori likaletwa, na baba akaniambia, "Utakuja na mimi. Macho yangu ni ya zamani, wewe uko na macho ya chuo. Ukisema ni pazuri nitauza, ukisema ni pabaya nitakaa hapa nizeeke nikifuata viazi mtoni."

Aliniwekea nyumba nzima mabegani, hivyo tu, huku akikoroga uji.

Mama naye akapanda lori. Wanaume walishangaa. Mambo ya kutazama mashamba hayakuwa ya wanawake, mwanamke alipelekwa akishanunuliwa shamba, akapewa jembe. Mama akasema, "Si jembe nitashika mimi? Ebu nione nitakachochimba." Baba akacheka akamwacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevaa tai na viatu vya chuo, nikaona aibu kidogo kwamba mama yuko miguu mitupu katikati ya wanaume wenye makoti.

Ulikuwa ni mwezi wa kiangazi. Toka tulipoacha milima ya kwetu, njia nzima ilikuwa vumbi, na katibu wa kampuni, bwana mmoja wa kofia, alikuwa akituimbisha nyimbo za uhuru ili tusitazame sana kando. Lori likapinda, likapita mlango wa nyuma, likatushusha mbele ya nyumba ya mzungu. Jamani! Mbele ya ile nyumba palikuwa na uwanja mpana umezungushiwa seng'enge, wote kijani kibichi, ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, wamesimama humo wamezama mpaka kwenye kwato. Kiangazi hicho!  Mwanamume mmoja alivua kofia. Baba aliinama chini ya seng'enge akaingia, akapiga magoti akapapasa ile nyasi kwa kiganja.

"Ni kigombe," akasema.  "Haki ya Mungu ni kigombe chetu."

Lazima mtu awe wa kwetu ili aelewe kosa lile. Mtu wa Mombasa asingelifanya, wala Mmasai. Kwetu, tangu zamani, penye kigombe kinene ndipo mtu alipojenga. Wazee walipotafuta mahali pa kuhamia hawakuonja udongo, walitafuta kigombe, na kigombe hakikuwahi kuwadanganya, kwa kuwa hawakuwahi kukiona mahali ambapo hakikujiotea chenyewe. Lori zima la watu wazima, watu waliopita kizuizini na kwenye mashamba ya wazungu, walitazama majani wakasadiki. Nyumba njema si mlango, tunasema kila siku, lakini siku hiyo tulionyeshwa mlango nasi tukaanza kugombania vyumba.

Baba akaniita. "Kijana yangu, njoo useme mbele ya watu, wasije wakasema ni macho ya mzee."

Nikaenda. Nilipiga magoti vizuri, nikang'oa kipande na mizizi yake, nikavuta jani nikawaonyesha vinyweleo. Nikawaonyesha nyuzi nyeupe za ua. Nikataja jina la Kilatini, refu, nikalitamka polepole ili liwaingie. "Eei!" wakasema. "Huyu kweli katoka chuoni." Yule katibu alinipa mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sijawahi kunywa pombe iliyonipanda kichwani kama mikono ile ya wanaume begani mwangu.

Hapo mama akatokea. Hatukuwa tumeona alikokwenda. Alikuwa amevuka ule uwanja mpaka mwisho, akapita seng'enge ya upande wa pili, akatembea huko peke yake. Leso yake ilikuwa imejaa mikia myeusi ya mbegu toka kiunoni hadi chini, na mkononi alishika fungu la nyasi nyekundu.

"Na hii ni gani?" akaniuliza. "Ng'ambo ya seng'enge hakuna kigombe hata kimoja. Ni hii tu, mpaka macho yanapoishia. Udongo ni mweusi, umepasuka, mguu wangu umeingia ndani ya ufa mpaka hapa." Akatuonyesha. "Kigombe kinaogopa nini kuvuka waya? Kwetu kinavuka mpaka barabara."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa chuoni. Watu wakageuka wakamtazama baba. Yule katibu akacheka akasema, "Mzee, kwani kwako mashamba hununuliwa na akina mama?" Na wanaume, wale wale waliokuwa wakinishika bega, wakaangua kicheko. Uso wa baba ukafanya weusi. Akanigeukia.

"Bwana Shamba," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "hiyo ni nini?"

Niliijua. Niliijua tangu mama alipokuwa hatua kumi mbali. Ukurasa wangu wa mtihani ulinijia wote, mstari kwa mstari, nchi wazi, mvua haba, moto, asitegemee viazi. Nilijua pia, palepale, kwa nini kigombe kilikomea kwenye waya: mtu alikuwa akikinywesha. Na mimi nikasema, "Hilo ni gugu tu. Kila seng'enge iko na magugu yake." Kisha nikamtabasamia mama yangu jinsi unavyomtabasamia mtoto aliyeingia barazani bila suruali, nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya chuo."

Wakacheka tena, safari hii pamoja nami.

Nimeishi muda mrefu nikijiuliza kwa nini. Nilikuwa nikijidanganya kwamba ni kwa ajili ya baba, nisimwache aaibike. Uongo. Niliona aibu kwa sababu ya mama, basi. Niliionea haya ile leso na ile miguu yenye vumbi jeusi, kwamba amekuja kunisahihisha mbele ya watu walioniita msomi. Ningekubali nchi nzima ikauke kuliko kukiri kwamba mwanamke asiyejua kusoma ametazama mahali kwanza na mimi nimetazama jina.  Mama aliketi juu ya jiwe akaanza kuchomoa ile mikia ya mbegu kutoka kwenye leso, mmoja mmoja, mpaka lori lilipopiga honi.

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo nilipewa jina la babu mzaa mama. Kwa desturi yetu mama aliniita "baba" tangu nikiwa mgongoni, na alipokuwa na furaha aliniita "baba yangu mdogo." Ndani ya lori alinisogezea chupa ya chai akasema, "Kunywa, Bwana Shamba." Nilidhani ni utani. Aliniita hivyo siku zote tangu hapo. Hakuniita baba tena.

Baba aliuza Wamagana. Kura za kugawa viwanja zilipigwa kwenye uwanja ule ule wa kijani, na uwanja wenyewe ukamwangukia nani? Yule katibu wa kofia. Kura ina macho, nakwambia! Sisi tuliangukia mbali, ng'ambo ya seng'enge, kwenye udongo mweusi. Baba hakulalamika. Alisema kigombe hutambaa, kitatufikia.

Hakikufika kokote. Mzungu alipoondoka aliondoka na pampu yake. Kabla ya kiangazi cha pili, hata ule uwanja wa katibu ulikuwa umegeuka mkeka wa kahawia, ukikanyaga unavunjika. Palikuwa na mzee mmoja Mturkana aliyefanya kazi hapo tangu ujana wake, akabaki kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Nilimkuta siku moja ameketi juu ya tangi tupu. "Hiyo majani ilikuwa inakunywa maji kushinda ng'ombe," akaniambia. "Mzungu akiamka, kabla ya chai, anafungulia majani maji kwanza." Nikamwuliza kwa ukali mbona hakutuambia siku ile tulipokuja na lori. Akanitazama kwa mshangao. "Kwani mliniuliza mimi? Nyinyi mliuliza majani."

Wakati huo serikali ilikuwa imenipeleka Mwea, kwenye mpunga. Hebu fikiria. Mimi nashinda nimesimama katika maji mpaka magotini, nawafundisha watu kupunguza maji, na barua zinakuja kutoka Kieni: mahindi yamefika kiunoni yakakauka. Viazi vimepigwa na baridi ya mlima vikawa vyeusi. Ng'ombe wa Wamagana ameanguka, tumemwinua mara mbili, mara ya tatu hatukuweza. Mwandishi alikuwa mdogo wangu aliyekuwa shuleni, lakini maneno yalikuwa ya baba, na kila barua iliisha vilevile, kwamba nisiwe na wasiwasi, majirani wanasema mengi lakini yeye amewajibu. Nilikuja kujua baadaye alivyowajibu. Watu waliouza vipande vyao kwa sababu ya lile jina langu la Kilatini walikuwa wakimjia wakimtukana, naye aliwaambia, "Kijana alisema ni kigombe. Kilikuwa kigombe au hakikuwa? Basi hakukosea." Wapi! Ningependa angenilaani.

Mwaka fulani nilirudi kwa likizo nikakuta baba amefanya jambo ambalo hata sasa sipendi kulikumbuka. Alikuwa amesafiri mpaka Wamagana, kwa yule jirani aliyemwuzia, akaomba aruhusiwe kung'oa kigombe pale kwenye kijito. Kwenye kijito chake mwenyewe, aliomba ruhusa! Akajaza gunia, akalibeba mpaka Kieni, akapanda mashina yale mbele ya mlango kwa mistari, kama mtu anayepanda viazi vitamu. Mama alimwekea maji ya kunawia uso, na maji ya kuoshea vyombo, naye alimwagia mistari yake kwa kikombe. Baadhi ya mashina yalikuwa bado yana rangi ya kijani.

Tuliketi hapo nje adhuhuri. Akaniuliza, "Bwana Shamba, kule chuoni walisema kinataka nini hiki kitu? Niambie tu. Nitafanya."

Sikiliza sasa. Hapakuwa na wanaume wa lori. Hapakuwa na mtu wa kucheka. Tulikuwa baba na mwana, na mama ndani anapika. Ningeweza kumwambia, baba, hapa si kwao, hakitaota hapa hata ukikipa machozi yako, na siku ile nilijua. Angelia, angenipiga, sijui, lakini angeweka kikombe chini. Angeweza bado kujaribu kitu kingine, kondoo, mtama, chochote. Nikafungua mdomo nikasema, "Kinataka mbolea, baba. Mbolea nyingi."

Alifurahi! Alipiga goti lake kwa kofi. Kulikuwa na zizi la zamani la ranchi, mwendo wa kutosha kutoka kwetu, samadi imelala humo miaka. Baba alibeba samadi ile kwa gunia mgongoni, misimu miwili, mzee wa umri ule, katika upepo wa kiangazi wenye vumbi. Na mbolea bila maji, kila mtoto wa chuo anajua, huunguza. Kadiri alivyoongeza ndivyo kilivyokufa haraka. Alikohoa lile vumbi la samadi mpaka kifua kikaharibika kabisa. Daktari wa Nyeri alitaja ugonjwa wake kwa jina, na mimi nikakubali kwa kichwa, mimi ambaye hupenda majina.

Alipokuwa kitandani siku za mwisho, alinishika mkono akasema anajua nimejitahidi. Nikamwambia asante. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye, lakini yangu hayakungoja. Yalikuwa yameketi nami pale kitandani, nami nikasema asante. Waliomchimbia kaburi walitumia mtaimbo kwa sababu jembe liliruka juu ya ule udongo mweusi.

Nilipandishwa cheo. Nikawa mtu wa nyasi katika wilaya zetu zote za mlimani. Wataalamu wakija kutoka Nairobi kutafuta malisho ya asili waliletwa kwangu, nami niliwapeleka mpaka mahali nyasi inapojiotea yenyewe, nikawazuia kuichuma kabla hawajaandika udongo, mvua na majirani zake. Walinisifu kwa hilo. Wakaniandikia barua za shukrani wakisema hawajapata kuona mtu mwenye uangalifu namna hii. Barua hizo nilizichana.

Mama hakuhama Kieni. Baada ya baba kufa alinunua kondoo wachache, akawaachia ile nyasi nyekundu, nao wakanona mpaka majirani wakaanza kumwiga. Hakufundishwa na mtu. Aliwatazama Wamasai na wanyama wa porini, akaona wanakula nini. Ile ile aliyoniletea mkononi, niliyoiita gugu, ndiyo iliyomlisha uzeeni, na aliezekea ghala kwa mashina yake. Nilipomtembelea nilimletea sukari na blanketi. Alishukuru. Alinipikia. Kila kitu kilikuwa sawa, hata mtu angetutazama asingeona kasoro yoyote, na hilo ndilo lililokuwa likinimaliza.

Siku moja nilishindwa. Nywele zangu zilikwisha anza kuwa nyeupe, nina watoto wakubwa, nikamwambia. Alikuwa ameketi kivulini mwa ghala akipukuchua maharagwe. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Kwamba ile nyasi niliitambua. Kwamba niliwahi kuiandika katika mtihani, mahali pake na tabia yake. Kwamba habari ya mbolea ilikuwa uongo pia, na kwamba baba alikufa akiwa hajui. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au kwa machozi, au kwa lile neno ambalo akina mama husema, kwamba yaliyopita yamepita. Haki, nilikuwa nimelitegemea neno hilo. Nilikuja nikiwa nimeliweka tayari masikioni.

Hakuacha kupukuchua. Alimaliza ganda lililokuwa mkononi, akachukua jingine.

"Hayo nayajua," akasema. "Nilijua siku ile ile kwamba unajua. Ungekuwa hujui, ningekusamehe kabla hatujafika nyumbani."

Kisha akainuka na ungo wake, akaenda penye upepo kupepeta.